Usilifute lalamiko la mteja, lijibu

Ndugu, nimekuelewa: mteja ameandika kwenye ukurasa wako wa Facebook kwamba mzigo wake umechelewa, wengine wanazidi kuchangia, nawe unataka kulifuta lalamiko. Tena kuna mtu anataka kukuuzia wafuasi na maoni ya kukusifia.

Usifute. Zamani mteja aliyekasirika aliishia kuwaambia majirani. Leo anapiga picha ya skrini mapema, na ukifuta, picha hiyo ndiyo itakayosambaa. Mjibu palepale, hadharani, kwa kifupi: “Samahani sana, kuchelewa ni kosa letu. Nimekuandikia inboksi tulimalize.” Namba ya simu, anwani na malipo yabaki huko inboksi. Akishapokea mzigo, rudi uandike kwamba umemfikia. Wanaosoma bila kuchangia ndio wengi, na kwa miaka niliyouza mtandaoni nimeona watu wakiagiza kwa sababu tu waliona mwenzao amejibiwa kiungwana.

Maoni ya kununua achana nayo kabisa. Mitandao huyaondoa, na Marekani iliyapiga marufuku kwa kanuni ya mwaka 2024 yenye faini. Wafuasi wa kununua nao hawaagizi chochote.

Matusi yafiche, usibishane. Ila mtu akikuzushia uongo unaokuharibia biashara, hifadhi picha za skrini, risiti na tarehe, kisha muone wakili kabla hujamtaja kwa jina popote.