Wadogo zangu mnaoenda Auschwitz na grupu la chuo, someni hii kabla ya safari

Habarini wadogo zangu, najua wengi wenu mmefika Ujerumani na Poland juzi juzi tu kwa masomo, na chuo kimeshawatumia fomu ya safari ya kujifunza Holokosti, yaani mauaji ya Wayahudi wa Ulaya yaliyofanywa na Wanazi wa Ujerumani, sasa mnaulizana mvae nini na baridi ikoje. Baridi ni kali, Birkenau, ile sehemu ya pili ya kambi ya Auschwitz, ni uwanda mtupu na upepo hauna kizuizi, viatu viwe vya kutembelea na koti liwe zito, hilo limeisha. Kubwa nnalotaka kuwaambia, kwa kuwa nimesindikiza wanafunzi huko, ni kwamba safari hii unaifanya kabla hujapanda basi. Aliyesoma anarudi na maswali mazito, ambaye hajasoma anarudi na miguu inauma na picha za waya wa miiba kwenye simu basi.

Na mkisoma msianzie kwenye vyumba vya gesi, anzieni kwa watu. Mji wenyewe ni Oświęcim, Auschwitz ni jina la Kijerumani, na kabla ya vita zaidi ya nusu ya wakazi wake walikuwa Wayahudi, watu wenye maduka yao, ndoa zao, ugomvi wao wa kawaida wa majirani. Sinagogi moja ipo mpaka leo na ina makumbusho madogo pembeni yake, lakini magrupu mengi yanatoka Kraków, yanaingia kambini, yanageuza. Mwombeni mwalimu muda wa kupita hapo, kiukweli mnastahili. Hata Kraków kwenyewe msiishie kula tu pale Kazimierz, mtaa wa zamani wa Wayahudi, vukeni mto mwende Podgórze ambako Wanazi waliwafungia Wayahudi kwenye geto, yaani mtaa uliozungushiwa ukuta, kuanzia Machi 1941 mpaka walipolifuta Machi 1943, wengine wakauawa humohumo mitaani. Leo uwanjani pale kuna viti vikubwa vya chuma vitupu, na mtu ambaye hajui geto lilikuwa nini anakaa anapiga selfi.

Someni pia ilivyoanza, maana haikuanza na kambi. Hitler kaingia madarakani 1933, sheria za Nuremberg za 1935 zikawanyang'anya Wayahudi uraia, Novemba 1938 masinagogi yakachomwa Ujerumani nzima, 1941 vikosi vya Wanazi vikaanza kuwapiga risasi Wayahudi kwa maelfu huko mashariki mwa Ulaya, na tarehe 20 Januari 1942 maofisa 15 wakakaa kwenye jumba zuri la kando ya ziwa Wannsee, Berlin, kupanga utekelezaji wa kuwaua Wayahudi wa Ulaya nzima. Kadhaa kati yao walikuwa na shahada za udaktari. Sisi tuliokuja huku kutafuta digrii hapo panatuhusu sana, mi naona kila mwanafunzi apaelewe.

Sasa siku yenyewe. Nafasi zinawekwa mapema kwa majina, kwahiyo jina la kwenye tiketi lilingane na la kwenye paspoti, na begi liwe dogo sana, makubwa hayaingii. Mtapewa hedifoni za kumsikiliza mwongozaji. Kambi ya kwanza ni majengo ya matofali, zamani ilikuwa kambi ya jeshi la Poland, kundi kubwa la kwanza la wafungwa lililoletwa Juni 1940 lilikuwa la Wapoland. Humo ndo mtakuta viatu, masanduku yenye majina ya wenyewe, na chumba cha nywele za wanawake, hapo picha haziruhusiwi na hata kama zingeruhusiwa wewe usipige. Anayehisi kuzidiwa atoke nje, asijikaze kiume, hakuna anayempima mtu kwa machozi, na asiyelia pia muacheni, watu hawafanani.

Birkenau iko kama kilomita 3 kutoka hapo na ndo mahali wengi wanafika wakiwa wameshachoka, wakati ndiko sehemu kubwa ya mauaji ilifanyika. Kati ya Mei na Julai 1944 zaidi ya Wayahudi 400,000 waliletwa kutoka Hungaria, wengi wao waliuawa siku ileile waliyoshuka kwenye treni, wazee, akina mama na watoto. Jumla waliouawa Auschwitz ni kama milioni 1.1, karibu milioni moja ni Wayahudi, na wengine Wapoland, Waroma (wale wanaoitwa pia Wajipsi) na wafungwa wa kivita wa Sovieti. Tafadhali wekeni akiba ya nguvu kwa ajili ya huku.

Mkipita Berlin nendeni na Sachsenhausen, kambi nyingine ya Wanazi karibu na mji huo. Huko ndiko alikofia Bayume Mohamed Husen mwaka 1944, mzaliwa wa Dar es Salaam, alikuwa askari akiwa mtoto kwenye jeshi la Wajerumani, baadaye akafundisha Kiswahili chuoni Berlin. Walimkamata 1941 kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa kizungu. Kisa chake si Holokosti, tusichanganye, Wayahudi waliwindwa wafutwe wote hadi kichanga, ila ubaguzi uliomuua ni uleule na Mtanzania anapaswa kumjua.

Jioni kaeni pamoja mzungumze, hata kama mmechoka. Mwenzenu wa Rwanda anaweza kuwa na yake ya 1994, asilazimishwe kusimulia. Siasa za leo za Mashariki ya Kati nazo zitaibuka tu, zipeni nafasi yake hapo jioni, si pale kwenye reli za Birkenau.

Na mkirudi nyumbani jiandaeni, kuna ndugu atakutumia klipu inayosema yote ni uongo. Usimjibu kwa hasira. Mwambie kamanda wa kambi, Rudolf Höss, alikiri mwenyewe kabla ya kunyongwa palepale Auschwitz Aprili 1947, kuna picha 4 ambazo wafungwa walizipiga kwa siri 1944 wakazitorosha nje ya kambi, na SS, kikosi cha Wanazi kilichosimamia kambi, walilipua matanuru ya kuchomea maiti kabla ya kukimbia Januari 1945, magofu yake umeyaona kwa macho yako. Muulize, kama hakukuwa na kitu walikuwa wanaficha nini?