Seymour ya 1834 haina mfereji pembeni: usilipe kabla haijatoka kwenye fremu

Mkuu, usitume hiyo advansi. Umeuliza maneno ya chini ya vibonzo 4 unavyotaka kununua yanachekesha nini, uvitundike wapi, na kama bei ni halali. Nimesoma hadi pale muuzaji wako wa soko la Jumamosi huko London anaposema vyote 4 ni chapa orijino za 1834 za mchoraji Mwingereza Robert Seymour, na ushahidi wake ni mfereji wa mstatili uliobonyea kuzunguka picha. Huo mfereji ndio unaomuumbua.

Seymour alichora juu ya jiwe vichekesho vyake vya watu wa mjini wanaojifanya mabingwa wa mshipi na bunduki. Richard Carlile akaviuza karatasi mojamoja, peni 3 kila moja, kati ya 1834 na 1836. Katika chapa ya jiwe wino hukaa juu ya uso ulio bapa, hakuna kingo za bamba zinazodidimia kwenye karatasi. Seymour akafa 1836. Mawe yalifika kwa Henry Wallis, naye akahamishia michoro kwenye mabamba ya feleji (chuma cha pua) na kutoa toleo lake 1838. Mwaka 1866 ilikuwa bado inatolewa upya. Feleji ndiyo inayoacha mfereji. Kwa hiyo ukiuona, ukibahatika sana umeshika toleo lililochapwa baada ya mchoraji kuzikwa. Si feki, ila si ya 1834, na hailipiwi bei ya 1834. Usipobahatika, ni nakala ya kamera iliyobanwa na kipande cha bati ili mfereji uonekane. Aliyeniuzia mimi alinishika kidole akakipitisha juu ya huo mfereji, "gusa mwenyewe." Mtu anayejua biashara yake hawezi kusema hivyo kwa kukosea. Ule ni wizi, na unaniuma hadi leo.

Nunua lenzi ya kukuza mara 10. Tazama kivuli, mfano chini ya ukingo wa kofia ya mvuvi. Chapa ya jiwe: mstari umekatikakatika kama chaki ukutani, chembe hazina mpangilio. Feleji: mstari mwembamba, safi, wino umeinuka kidogo. Ukiona nukta zimejipanga safu kwa safu kama mahindi gunzini, hiyo ni mashine ya picha. Funga pochi.

Rangi ya mkono nayo isikubabaishe. Brashi huvuka mstari na kuacha ukingo mzito pale maji yalipokaukia, lakini brashi hiyo inaweza kuwa ya wiki iliyopita. Karatasi ya zamani, gundi yake ya kuzuia maji yasipenye imechoka, rangi mpya hupenya hadi mgongoni. Sasa mgongo utauonaje picha ikiwa nyuma ya kioo?

Ndiyo maana nasema: nje ya fremu, mgongo kwanza, hela baadaye. Mgongoni ukikuta maandishi ya gazeti, huenda ni ukurasa uliokatwa kwenye Punch, gazeti la vichekesho la London, pengine Bwana Briggs, mhusika wa mchoraji John Leech, akihangaika na samaki wake. Hiyo ni chapa ya ubao, na Punch ilianza 1841, miaka 5 baada ya Seymour kufa. Inua karatasi dhidi ya dirisha: mwaka ulio ndani yake kama alama ya maji ya kiwanda, tuseme 1831, unakuambia tu kwamba chapa haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Kisha zima taa, imulike kwa tochi ya kukagulia noti. Ikiwaka nyeupe ya kibuluu, ina dawa ya kung'arisha ambayo viwanda vya karatasi vya enzi za Seymour havikuwa nayo.

Atakuambia fremu imegundishwa kwa karatasi ya kaki, ataiharibu akiikata. Karatasi ya kaki ni senti. Mwambie leo usiku akutumie picha za migongo yote 4, bila kioo. Akituma tena za mbele, mblok.