Ulaya na wazee wake: maswali yenu

*Ni kweli Wazungu huwatupa wazee wao? (Msomaji, Morogoro)*

Hapana, na usemi huo naomba tuuache. Ujerumani, zaidi ya wanne kati ya kila watano wanaohitaji uuguzi wa kila siku hutunzwa nyumbani, na anayewaogesha mara nyingi ni mke au binti. Tangu 1995 kuna bima ya uuguzi inayokatwa kwenye mshahara. Mzee akishindwa kuoga, kuvaa au kula mwenyewe, hupimwa na kupewa daraja, 1 hadi 5 (5 ni la uhitaji mkubwa kabisa), na kuanzia daraja la 2 familia inayomtunza inaweza kupata fedha taslimu kila mwezi. Asiye na mtoto hukatwa zaidi, kwa hoja kwamba hajalea mchangiaji wa kesho. Hapo naona anaonewa yule aliyetamani mtoto akamkosa.

Upweke, huo upo. Agosti 2003 joto kali liliua watu wapatao 15,000 Ufaransa, wengi wao wazee, wakati ndugu na hata madaktari wako likizo. Wapo waliokutwa vyumbani mwao siku kadhaa baadaye. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria: wafanyakazi watoe siku moja ya kazi kwa mwaka bila malipo, na waajiri wachangie huduma za wazee na wenye ulemavu. Kila nikiisoma habari ile huniuma upya.

*Mbona Wafaransa waliandamana 2023 kwa kuongezewa miaka miwili tu ya kazi? (Dodoma)*

Sheria ya mwaka ule ilipanga kusogeza umri wa kustaafu, hatua kwa hatua, kutoka 62 hadi 64. Kwa karani si kitu. Kwa aliyeanza kubeba zege kijana, ni mgongo na magoti. Serikali nayo ilikuwa na hoja: kule pensheni ya aliyestaafu hutoka kwenye makato ya anayefanya kazi leo, na watoto wanaozaliwa wanapungua. Denmark wamefika mbali zaidi, wamepitisha miaka 70 kuanzia 2040.

*Nyumba za euro 1 Italia ni utapeli? (Arusha)*

Si utapeli. Vijiji kama Sambuca di Sicilia vimekimbiwa na vijana, ndiyo maana vikaanza kuuza nyumba zilizoachwa kwa bei ya kutupa. Ila utalazimika kuikarabati, na gharama hiyo ni ya kweli.

*Binti yangu ni nesi, anataka kwenda Ujerumani kutunza wazee. Nina miaka 66. Nimruhusu? (Mama, Mombasa)*

Shikamoo mama. Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya ajira Septemba 2024, kwa hiyo njia halali ipo. Aanze na Kijerumani na utambuzi wa vyeti vyake, wala asimpe wakala fedha za kumhakikishia kazi. Uingereza ilifungulia watunza wazee kutoka nje mlango 2022, ikaufunga Julai 2025, kwa hiyo asikawie.

Lakini kabla hajakata tiketi, mketi na ndugu zake mpange, kwa jina, nani atakayekupeleka kliniki.