Maswali ya Bustani: Okidi ikihamia kwenye leka

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja: okidi za nusu-haidroponiki. Kwa asiyejua, ni okidi inayokaa kwenye chombo kisicho na udongo wala magome, kimejazwa leka, zile kokoto nyepesi za udongo wa mfinyanzi uliochomwa, na chini yamelala maji kidogo. Leka huyanyonya maji na kuyapandisha, mizizi ikapata unyevu na hewa kwa wakati mmoja.

Nilihamisha okidi yangu ya aina ya Phalaenopsis kutoka kwenye magome hadi kwenye leka mwezi wa Februari, ikiwa na maua. Wiki ya tatu maua yakapukutika, majani yakanywea, na nilipoichomoa nikakuta mizizi imeoza. Leka niliiosha, chombo nilikitoboa, mbolea sikuweka. Nilikosea wapi? (Mama wa Kizingo)

Kazi ya mikono uliifanya sawa, mama. Wakati ndio uliokuponza. Mzizi wa okidi umevaa koti la sponji, na koti hilo huumbika kulingana na mahali mzizi ulipokulia. Uliokulia kwenye magome, ukiloa na kukauka kwa zamu, haujigeuzi ukishakomaa. Ukiuweka penye unyevu usiokatika, mwingi wake huoza. Kinachozoea leka ni mzizi mpya unaochipukia humo humo. Kwa hiyo okidi ihamishwe siku unapoona ncha mpya za mizizi zinachomoza shingoni, pale majani yanapokutana na mizizi, za kijani au zenye wekundu, urefu wa nusu sentimita hadi moja. Zikishafika sentimita tano zinavunjika ovyo mkononi. Yako ilikuwa inalisha maua, kaskazi inaikausha, na mzizi mpya haina. Mizizi ya zamani ilipokufa hapakuwa na wa kushika zamu.

Kuiokoa bado inawezekana maadamu shingo ni ngumu na haijawa nyeusi. Bana kila mzizi kwa vidole: ulio mgumu uache hata kama una rangi ya kahawia, unaobonyea na kutoa maji ukate kwa mkasi uliopitishwa motoni. Usipake dalasini, ingawa watu wanashauriana hivyo kila siku. Inakausha hata mizizi mizima, na mahali pake ni kwenye chai. Acha vidonda vikauke kivulini kwa saa chache, kisha iketishe juu ya leka yenye maji ya sentimita moja tu chini, shingo isiguse maji. Wengi huifunika kwa mfuko wa plastiki. Kwa joto la Mombasa mfuko huo hualika ukungu, na hewa yetu ina unyevu wa kutosha. Kama shina la maua bado lipo, likate.

Ukija kuhamisha nyingine, loweka leka saa 24, ubadilishe maji mara mbili mpaka yasitoe vumbi. Chombo cha plastiki cha upana wa sentimita 12 kinatosha mmea wa kawaida, na kimo kisizidi 15, kwa kuwa juu ya hapo leka haipandishi maji vizuri. Pasha msumari moto, toboa matundu mawili ya milimita 6 yaliyokaribiana, sentimita 3 kutoka chini. Ni mawili ili mzizi ukiziba moja, la pili lifanye kazi. Loweka mmea nusu saa mizizi ilegee, kisha ondoa magome yote, hata vipande vilivyogandamana, maana vitaozea humo. Tandika leka mpaka usawa wa matundu, shika mmea shingo ikiwa sawa na ukingo, jaza pembeni huku ukigongagonga chombo. Usishindilie. Mwisho ufunge kwenye kijiti: mmea unaoyumba husugua ncha changa kwenye kokoto, nazo zikifa huna kitu.

Wiki mbili za mwanzo jani la chini kulegea au kugeuka njano lisikutishe. Kuanzia wiki ya tatu hadi ya sita tazama ncha zinavyozama kati ya kokoto. Zikigusa leka huota vinyweleo laini kama vya pamba, na hapo ujue zimekubali. Majani hukazana baadaye sana, pengine mwezi wa tatu tangu kuhamisha. Ukiona ncha imegeuka nyeusi na kuacha kukua kabla ya kufika kwenye leka, ama imeungua kwa chumvi ama leka ya juu ni kavu. Mwagia kutoka juu kila asubuhi mpaka izame.

Leka yangu imeota ukoko mweupe juu, na majani mapya yanatoka njano yenye mishipa ya kijani. Natumia maji ya kisima. (Msomaji, Mji wa Kale)

Ukoko ni chumvi. Maji yanapanda, yanakauka juu, chumvi inabaki. Visima vya kisiwani vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, kwa hiyo maji yake huwa na chokaa, mengine na chumvi ya bahari. Chokaa hupandisha pH, kile kipimo cha uchachu wa maji (kikipanda, uchachu unapungua), na pH ikipita 7 mmea hushindwa kuchukua chuma hata kikiwamo. Ndiyo hiyo njano unayoiona. Okidi inataka kati ya 5.5 na 6.5.

Tumia maji ya mvua. Mvua ya kwanza ya masika iache ioshe bati, kinga ya pili. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi nayo yanafaa ukiyachuja vumbi. Kwa kuwa maji ya aina hizi mbili hayana kalsiamu, changanya sehemu tatu na moja ya maji ya bomba, bora yasiwe ya magadi. Mbolea ya NPK 20-20-20 weka nusu gramu kwa lita, au chini zaidi. Chagua ambayo naitrojeni yake si yurea tupu: yurea inahitaji bakteria wa kuigeuza, nao kwenye leka ni wachache. Kila wiki ya nne pitisha maji matupu mara tatu ya ujazo wa chombo. Leka iliyokwisha kuota ukoko itoe, iloweke siku mbili, uisugue.

Leka ni ghali. Siwezi kutumia changarawe za matumbawe? (Changamwe)

Hapana. Dondoshea ndimu uone zinavyotoa povu. Povu hilo ni dalili ya chokaa, nayo itakuharibia pH kila siku. Pumisi, lile jiwe jepesi la volkano linalotoka Bonde la Ufa, inafaa ukichekecha unga wote. Vipande vya matofali ya kuchoma vinafaa pia, ila ni vizito na huchelewa kukauka.

Mume wangu anasema makopo yangu ya okidi yanafuga mbu. (Likoni)

Shemeji ana haki. Mbu wa dengue na chikungunya hutaga kwenye vyombo vidogo kama hivyo, na kwa joto letu kiluwiluwi huwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hivi. Kumwagilia kutoka juu hakuwatoi, kwa sababu maji yaliyo chini ya matundu hayasogei. Inamisha chombo upande wa matundu mpaka yatoke yote, mara mbili kwa wiki, kisha jaza upya. Gundisha kipande cha chandarua kwenye matundu kwa ndani na tandaza kingine juu ya leka. Mafuta ya taa usithubutu kutia.

Tawi la mwembe limeanguka na okidi yenye maua ya manjano na madoa ya kahawia. Niitie kwenye leka? (Kijana wa Kisauni)

Kwa maelezo yako hiyo ni Ansellia africana, ya huku huku kwetu. Mizizi yake mingine husimama juu kama sindano nyeupe, ikikusanya majani makavu yanayoilisha. Inapenda kukauka kabisa kati ya mvua na mvua, na leka haitaipa nafasi hiyo. Ifunge kwenye mti mwingine wenye gome gumu, kivuli chepesi, upande ule ule iliokuwa ikielekea jua. Tumia kamba ya katani, usitumie waya, na ikaze isitikisike. Mwagia asubuhi kila baada ya siku mbili mpaka mizizi ishike gome, halafu ukate kamba.