Kabla hujalipia hiyo kadi: kagua inavyokata simu, si inavyopokea

Usilipe. Kama kianzio bado kiko mfukoni, kiache hukohuko mpaka umalize kusoma. Umeandika kwamba nyumba yako iko Bonyokwa na kazi yako iko Posta, kwamba unataka uipigie nyumba simu, ubonyeze namba, na pampu iwake, taa za nje ziwake na geti lifunguke. Umeonyeshwa Kariakoo kadi ya simu yenye matundu manne ya kuchomeka ndani ya kompyuta ya mezani, pamoja na kile kisanduku cha simu ya mezani kinachotumia simkadi na chenye tundu la waya wa simu nyuma yake. Unauliza uchukue kadi ipi, kompyuta ya namna gani, programu ipi, na kama kamera ya getini inaweza kuingizwa humo. Nimelisoma swali lako mara mbili na mara zote mbili tumbo limenikata, kwa sababu miaka mitatu iliyopita nilinunua vitu hivyo hivyo viwili, na kwa jinsi unavyomweleza muuzaji, ninashuku kwamba ni duka lile lile.

Muuzaji atakuonyesha kadi ikipokea simu. Mimi pia nilionyeshwa. Nilipiga nikiwa nimeegemea kaunta, kadi ikapokea, sauti ya kompyuta ikanikaribisha, nikabonyeza 1 na taa ndogo ikawaka. Nikahesabu laki nne na nusu kwa furaha ya bwana harusi. Hakuna aliyenionyesha kinachotokea baada ya mimi kukata simu, na mimi sikuuliza, kwa sababu mtu mwenye akili timamu haulizi simu inakatwaje. Sasa ninauliza, na ninakuomba na wewe uulize, hata kama watakucheka.

Programu yangu niliiandika mwenyewe juu ya Asterisk, programu ya bure ya kuendeshea simu kwenye kompyuta, na nilijiona mwangalifu kuliko mafundi wote wa Goba ninakoishi. Sikutaka pampu iwake na kusahaulika, kwa hiyo niliweka sharti kwamba pampu itafanya kazi muda wote simu ikiwa hewani, na nikikata simu izime. Niliona huo ni usalama wa hali ya juu. Nikaijaribu mara mbili tatu nikiwa sebuleni, ambako kila mara nilimaliza kwa kubonyeza 0 ili kuizima, kwa mazoea tu, bila kujua kwamba hiyo 0 ndiyo iliyokuwa ikinificha ugonjwa.

Wiki mbili baadaye tulikwenda Dodoma kwenye msiba, nyumba ikafungwa, funguo zikabaki kwa shemeji yangu wa Mbagala. Asubuhi saa moja nikapiga ili kujaza simtanki la juu kutoka kwenye kisima cha chini, ambacho nilikuwa nimekijaza kwa maboza mawili ya maji kwa sababu ya mgao. Nikasikiliza kidogo, watu wakaniita kwenye shughuli, nikakata simu na kuiweka mfukoni nikijua kwamba kwa kukata tu, pampu imezima. Saa sita mchana jirani akanipigia: "Baba Neema, tangi lenu linamwaga tangu asubuhi, au siku hizi mnaosha na mawingu?" Nikaipigia nyumba ili nibonyeze 0, nikaambiwa kwamba namba ninayopiga inatumika. Nikapiga tena, inatumika. Nilipiga zaidi ya mara ishirini, na kila mara nyumba isiyo na mtu ikawa inaongea na mtu.

Shemeji alitoka kazini, akakwama kwenye foleni, akafika Goba saa kumi na mbili jioni. Mchicha wa jirani ulikuwa umelala chini, plasta ya ukuta wake ilikuwa imevimba, kisima kilikuwa kikavu, na pampu ilikuwa imezunguka bila maji mpaka ikaungua. Shemeji anasema aliisikia harufu kabla hajafungua mlango. Pampu ile ya nguvu ya farasi moja bado ninayo, inazuia mlango wa stoo usibamizwe na upepo, na kwa kazi hiyo haijawahi kuniangusha.

Kilichotokea nilikielewa baadaye, baada ya usiku kadhaa wa kusoma. Kadi ya aina ile huunganishwa na kisanduku kwa laini ya waya ya kizamani, yaani analogi, na katika laini ya analogi hakuna ujumbe unaosema kwamba mwenzako ameondoka. Kuna ishara tatu tu ambazo upande wa pili unaweza kuzitoa, na si lazima utoe hata moja: kukata umeme wa laini kwa sehemu ndogo ya sekunde, kugeuza chanya na hasi ya nyaya, au kupiga ule mlio wa tuu-tuu. Kisanduku changu hakikufanya la kwanza wala la pili. Kilitoa mlio kwa sekunde chache, kisha kikanyamaza. Kadi nayo ilikuwa imepangiwa kutambua mlio wa Marekani, nusu sekunde ya sauti na nusu sekunde ya ukimya, na mlio wa kisanduku changu ulikuwa wa kasi tofauti kabisa. Kwa hiyo mtandao wa simu ulijua kwamba nimekata, kisanduku kilijua, simu yangu ilijua. Kadi peke yake ndiyo iliyobaki imeshika laini, inausikiliza ukimya kwa adabu zote, na pampu inazunguka.

Unaweza kuipanga upya, hilo ni kweli. Kuna mahali pa kuiambia Asterisk ihesabu milio, mahali pa kuandika mpangilio wa sauti na ukimya, na mahali pa kuiambia ikate ikiona nyaya zimegeuka. Nilirekodi mlio wa kisanduku kwa simu, nikapima vipande vyake kwenye kompyuta, nikaandika namba zake. Ikafanya kazi mara tisa kati ya kumi, na siku nyingine ikakata simu katikati kwa sababu mashine ya kusaga ya jirani ilivuma kwa mdundo unaofanana. Mara tisa kati ya kumi ni alama nzuri shuleni. Kwa pampu, hiyo moja iliyobaki ndiyo niliyokusimulia.

Yule muuzaji nilimrudia. Sikutaka ugomvi, nilitaka neno moja tu la kukiri. Akaniambia, "Mzee, hii wanafunga kwenye makampuni makubwa, tatizo ni mtandao wenu wa huko Goba." Huyu huyu ndiye aliyeniuzia mwanzoni kadi isiyo sahihi, ile ya FXS, ambayo kazi yake ni kuipa umeme simu ya kawaida ya mezani, badala ya FXO, ambayo hupokea laini kutoka nje, akaapa kwamba ni kitu kimoja kwa sababu "tundu si ni lile lile?" Tundu ni lile lile kweli, kama vile bomba la maji na la gesi yote ni mabomba. FXS inatoa volti 48 kwenye waya, na kisanduku nacho kinatoa umeme wake, kwa hiyo nilikuwa nimewakutanisha wasemaji wawili bila msikilizaji. Alinibadilishia kwa kuongezewa elfu themanini. Na yule bwana wa video mtandaoni, aliyesema kwamba kazi nzima ni "nusu saa tu", ninamwombea heri, ila kazi ya video yake huishia pale simu inapopokelewa.

Ninachotumia sasa ni moduli ndogo ya simkadi, SIM800, iliyounganishwa na kompyuta kwa waya wa data. Haina uzuri wowote, ila mtu akikata simu, moduli huandika NO CARRIER, herufi zinazosomeka, na programu yangu huzima pampu hapo hapo. Kukata kumekuwa taarifa inayotumwa, hakuna tena kubahatisha sauti. Inatambua namba zinazobonyezwa ukiiamuru kwa AT+DDET=1. Angalia umeme wake tu, kwa sababu inataka kati ya volti 3.4 na 4.4, na wakati wa kurusha mawimbi huvuta hadi ampea 2 kwa mpigo mfupi; ukiilisha kwa chaja dhaifu, itakuwa inazima na kuwaka huku ukimlaumu mtoa huduma. Ni ya 2G pekee, kizazi cha zamani cha mtandao wa simu, kwa hiyo ukitaka ya kukaa miaka mingi, tafuta ya 4G inayopokea sauti, na hakikisha kwamba ni sauti kweli, si data peke yake. Pampu yenyewe sasa ina taima ya dakika arobaini iliyo kwenye waya wake, isiyomsikiliza mtu yeyote, hata mimi.

Kama bado moyo wako uko kwenye kadi ile, nenda dukani na ufanye jambo moja. Mwambie aiunganishe na kisanduku kile kile atakachokuuzia, si laini nyingine. Piga, iache ipokee, washa taa yake ya majaribio, kisha kata simu bila kubonyeza chochote. Usimruhusu aguse kitu. Hesabu mpaka thelathini huku ukiitazama ile taa, halafu piga tena. Ukiambiwa kwamba namba inatumika, mwachie kadi yake. Na kama kianzio umeshakitoa, niandikie leo leo uniambie ni mtaa gani, kwa sababu yule wa kwangu hufunga saa kumi na mbili, na risiti yake inasema mali ikitoka dukani hairudi.