Mkataba wa Kufundisha Dubai: Malipo Haya Yanatosha?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Ni mwalimu wa Hisabati katika sekondari ya serikali hapa Dodoma, na nina miaka 9 kazini. Shule moja ya kimataifa ya Dubai imenitumia mkataba wa miaka 2 wenye malipo ya dirhamu 9,000 kwa mwezi, na walimu wenzangu wananihimiza nisaini haraka. Nina mke na watoto 2. Naambatisha ukurasa wa malipo. Je, niache kazi?
Mwalimu, Nkuhungu

JIBU: Marahaba, mwalimu. Umefanya vyema kuambatisha ukurasa huo, kwa kuwa zile dirhamu 9,000 zimegawanywa katika mistari mitatu: mshahara wa msingi 4,500, posho ya nyumba 3,500 na posho ya usafiri 1,000. Dola 1 ya Marekani ni dirhamu 3.6725, kiwango kisichobadilika tangu mwaka 1997, kwa hiyo unaahidiwa takriban dola 2,450, na mshahara huko haukatwi kodi ya mapato. Si fedha ndogo. Hata hivyo, mstari wa kwanza ndio utakaoamua utarudi nyumbani na nini.

Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu humpa mgeni aliyetimiza mwaka mmoja kazini kiinua mgongo cha mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya mwanzo, lakini hesabu hufanywa kwa mshahara wa msingi peke yake. Gawa 4,500 kwa siku 30 upate 150, zidisha kwa 21, nawe utaona kwamba miaka yako 2 itakupa dirhamu 6,300. Kama zile 9,000 zote zingeandikwa kuwa mshahara wa msingi, ungepata 12,600. Omba basi sehemu ya posho ihamishiwe kwenye mshahara wa msingi, na uombe kabla ya kusaini, maana baada ya hapo huna tena cha kushikilia.

Kuhusu nyumba, wenye nyumba wa Dubai hupendelea kulipwa kodi ya mwaka kwa hundi chache, wakati mwingine moja tu, na posho ya kila mwezi haiwezi kulipa hundi ya mwezi wa kwanza. Uliza kama shule inakopesha fedha za kuanzia au inatoa nyumba yenyewe.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni watoto. Mkataba wako unasema watapata punguzo la ada “kulingana na nafasi”. Nilipofundisha ughaibuni nami nilisaini maneno kama hayo, nafasi haikupatikana, na mwaka mzima nililipa ada ya mtoto katika shule nyingine. Dai iandikwe idadi ya watoto na asilimia ya punguzo. Tiketi za ndege na bima ya afya za familia nazo ziandikwe hivyo hivyo, kwa majina ya wote wanne.

Ukishauriwa utangulie kwa viza ya matembezi, kataa, kwani shule nyingi humhesabu anayeajiriwa akiwa tayari nchini humo kuwa mwajiriwa wa hapo hapo, asiyestahili tiketi wala nyumba. Wakala akikutoza ada ya kukutafutia kazi, mkatae pia. Sheria ya huko inaitaka shule ibebe gharama hiyo.

Sasa kazi yako ya hapa. Pensheni ya PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, inahitaji michango ya miezi 180, nawe una 108, na kiinua mgongo cha Dubai hulipwa mara moja tu, hakikulishi uzeeni. Kwa hiyo, kabla ya kuacha kazi, omba likizo bila malipo kwa Mkurugenzi wa Jiji kupitia mkuu wa shule, na uulize PSSSF kwa maandishi michango yako itakuwaje. Deni la Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, kama unalo, litaendelea kukudai hata ukiwa huko. Barua ya kujiuzulu, ikilazimu, iandike viza ya kazi ikishakuwa mkononi.