Maswali ya Wasomaji: Faida Ipo Kwenye Kompyuta, Pesa Ziko Wapi?

SWALI: Mpendwa Mshauri, mimi na mume wangu tuna duka la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro. Miaka yote tulitumia daftari, na Januari mwaka huu tukaanza kutumia programu ya uhasibu. Tarehe 31 Desemba tulihesabu bidhaa zote, zikawa na thamani ya shilingi 18,000,000 kwa bei ya kununulia, na pesa zetu za droo, benki na simu kwa jumla zilikuwa 3,900,000. Mwisho wa Machi programu inaonyesha faida ya 6,400,000. Bidhaa sasa ni za 21,200,000, kwa kuwa tulinunua mabati mengi kabla ya masika, na mafundi tuliowakopesha wanadaiwa 2,750,000. Mwaka jana hatukumkopesha mtu, na sisi wenyewe tunanunua kwa wauzaji wa jumla kwa fedha taslimu. Kila mwezi tunarejesha mkopo kwa 620,000, ambazo 120,000 kati yake ni riba. Januari tulichukua 1,200,000 za ada ya watoto. Leo pesa zote tulizo nazo ni 1,150,000 na hatuwezi kuagiza saruji. Mume wangu anasema ama programu imekosea, ama kijana tuliyemwajiri anatuibia. Ukweli uko wapi?
— Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, nakushukuru kwa kuandika takwimu zote, kwa sababu bila hizo ningebaki kukisia, na kukisia katika jambo linalogusa heshima ya mtu si halali. Namwomba mumeo asimwambie kijana huyo neno lolote kabla ya kuisoma hesabu hii mpaka mwisho.

Tuanze na kile ambacho mngetarajia kuwa nacho. Mlikuwa na 3,900,000, mkapata faida ya 6,400,000, hivyo kama faida yote ingekuwa pesa mkononi mngekuwa na 10,300,000. Mna 1,150,000. Pengo ni 9,150,000, na naelewa kwa nini limewanyima usingizi. Lakini faida na pesa ni vitu viwili tofauti. Programu huhesabu faida pale bidhaa inapouzwa, hata kama mnunuzi hajalipa, na haihesabu kuwa ni gharama kila shilingi inayotoka dukani. Mabati yaliyoko stoo hayajawa gharama hadi yauzwe. Mkopo mnaorejesha si gharama, ila riba yake tu.

Sasa tulijaze pengo hilo. Bidhaa zimepanda kutoka 18,000,000 hadi 21,200,000, kwa hiyo 3,200,000 za pesa zenu zimesimama stoo zikiwa mabati. Mafundi wanazo 2,750,000. Marejesho ya mkopo, ukiondoa riba ambayo tayari imo katika gharama, ni 500,000 kwa mwezi, yaani 1,500,000 kwa miezi mitatu. Ada ni 1,200,000. Jumla yake ni 8,650,000. Kilichobaki bila maelezo ni 500,000 tu kati ya milioni tisa na ushei.

Hizo laki tano ndizo zinazostahili maswali, na swali la kwanza niwaulize ninyi wenyewe: je, pesa ya mboga, ya nauli za watoto, ya mchango wa harusi na ya vocha hutoka wapi? Laki tano kwa siku tisini ni kama shilingi 5,500 kwa siku. Familia inayoishi kwa duka huweza kuzimaliza bila mtu yeyote kudhani kuwa amechukua kitu, kwa sababu kila mara ilikuwa elfu mbili au elfu tatu. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa kwenu. Nasema kwamba hakuna mwenye duka anayestahili kumshuku mfanyakazi wake kwa kiasi ambacho yeye mwenyewe hajakitolea hesabu.

Wizi, kama upo, hujionyesha kwa njia mbili, na zote mnaweza kuzipima. Wizi wa bidhaa huonekana pale programu inaposema kuna mifuko 140 ya saruji na ninyi mkahesabu 131. Kwa hiyo ile 21,200,000 ya stoo ni ya kwenye kompyuta tu mpaka mtakapoingia na kuhesabu nondo, mabati, misumari kwa kilo na rangi kwa kopo, kijana huyo akiwapo na akiandika pamoja nanyi. Tofauti ikitokea, chunguzeni kwanza siku ambazo umeme ulikatika: mauzo yaliyoandikwa kwenye karatasi na kutoingizwa baadaye hufanya programu idhani bidhaa bado ipo. Wizi wa pesa, kwa upande mwingine, huonekana kwa kuhesabu droo kila jioni na kuilinganisha na mauzo ya taslimu ya siku hiyo, anayefunga na anayepokea wakitia sahihi wote wawili. Ukaguzi wa namna hii humlinda mfanyakazi mwaminifu kuliko unavyomlinda mwenye mali.

Nawaomba pia mhakikishe mambo mawili ndani ya programu yenyewe. Kama 620,000 yote ya marejesho iliingizwa kuwa gharama, faida yenu halisi ni kubwa kuliko inavyoonekana, na hesabu niliyoifanya hapo juu itabadilika. Vivyo hivyo kwa ada: inatakiwa kuandikwa katika akaunti ya pesa alizochukua mwenye biashara, si katika gharama za duka. Programu haiwezi kujua kwamba karo ya mtoto si nauli ya kusafirisha saruji; huamini kile ilichoambiwa.

Kuhusu saruji ya mwezi huu, dawa iko kwa mafundi. Fungueni ripoti ya wadaiwa inayopanga madeni kwa umri, ya chini ya siku 30, ya siku 30 hadi 60, na kuendelea, kisha anzeni na wale wa zamani zaidi. Fundi mwenye deni la siku themanini asipewe nondo nyingine hata kama ni jirani. Msinunue bati jingine hadi stoo ipungue. Ombeni muuzaji wenu wa jumla awape angalau wiki mbili za kulipa, kwani ninyi mnawakopesha wateja ilhali hakuna muuzaji anayewakopesha ninyi bidhaa, na duka lenye mtaji huu haliwezi kubeba mzigo huo kwa muda mrefu. Mwisho, jipangieni posho ya mwezi inayojulikana, iingie katika akaunti ya nyumbani au laini nyingine ya simu, na baada ya hapo droo ya duka isiguswe kwa ajili ya jiko.

SWALI: Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, nina mashine tatu na vijana wawili. Nasikia majina ya programu za uhasibu kama QuickBooks, Tally na nyingine nyingi. Ipi ni bora? Je, nikiwa na programu bado nitahitaji mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi?
— Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu fundi, kwa kazi ya ukubwa huo sioni sababu ya kulipia programu kubwa leo. Daftari lenye safu za malipo ya awali, salio la mteja, vitambaa na mishahara, au jedwali lilelile kwenye kompyuta, linatosha maadamu linajazwa kila siku. Haja ya programu huja pale unapokuwa na wateja wengi wenye salio, bidhaa nyingi za kuhesabu, au mtu mwingine anayepokea pesa usipokuwapo.

Ukifika huko, Tally inatoka India na QuickBooks ni ya kampuni ya Intuit ya Marekani. GnuCash ni ya bure, na toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 1998, ingawa inamtaka mtumiaji aelewe kidogo mambo ya mizania, yaani hesabu ya mali na madeni. Mimi huwashauri watu wachague ile ambayo mhasibu wa karibu nao anaijua, inayofanya kazi hata intaneti ikikatika, na inayokuruhusu kutoa kumbukumbu zako zote siku utakapotaka kuhama. Hilo la mwisho watu hulisahau, kisha wakajikuta wamefungwa kwa muuzaji mmoja.

EFD ni jambo jingine kabisa. Mashine hizo zilianza kutumika Tanzania mwaka 2010, nazo hutoa risiti inayotambuliwa na Mamlaka ya Mapato (TRA). Ankara iliyochapwa na programu peke yake haichukui nafasi ya risiti hiyo, isipokuwa programu iwe imeunganishwa na mfumo wa mamlaka kwa utaratibu uliokubaliwa. Nenda ofisi ya TRA ya hapo Tanga ukiwa na makadirio ya mauzo yako ya mwaka, wakueleze unachotakiwa kuwa nacho. Usiichanganye EFD na usajili wa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ambao huwa wa lazima mauzo yanapozidi shilingi milioni 200 kwa mwaka. Kiwango hicho kilipandishwa kutoka milioni 100 mwaka 2023. Na utumie daftari au kompyuta, kumbukumbu zako za kodi zinatakiwa kutunzwa kwa miaka mitano, kwa hiyo usizichome wala usizifute mwaka unapoisha.

SWALI: Nina duka la vipuri vya magari Mombasa na ninatoa ankara zangu kupitia eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA). Kwa nini ninunue programu ya uhasibu ilhali serikali tayari ina mauzo yangu yote?
— Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu, serikali inajua ulichouza, lakini mfumo huo haukuwekwa ili ukueleze wewe kama biashara inakulipa. eTIMS ni ya ankara za kodi. Haitakuambia ni gereji ipi hukawia kukulipa, ni vipuri vipi vimekaa rafuni mwaka mzima, wala kama mishahara na kodi ya pango vinakula faida yote.

Pia kuna upande wa manunuzi. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya kielektroniki kwa kawaida haikubaliwi na KRA unapokokotoa kodi ya mapato, isipokuwa zile zilizosamehewa kisheria. Programu inayokuwezesha kuambatisha ankara ya muuzaji kwenye kila malipo itakuonyesha mapema ni nani hajakupa ankara, ukamdai mwezi huohuo wakati bado anaikumbuka biashara yenyewe. Kabla ya kununua, muulize muuzaji wa programu kama inaunganika na eTIMS moja kwa moja, na akuonyeshe kwa kutoa ankara moja mbele yako. Kama haiunganiki, utaandika kila mauzo mara mbili, na kwa duka la vipuri lenye bidhaa ndogondogo nyingi kazi hiyo itakushinda.